Chuma cha kuokoa maisha kilivyompasua mdogo wangu

Leo sina stori ya mchumba wala ya kadi ya mchango wa harusi. Leo nataka kuongea na washikaji wangu wenye ndinga, hasa wale wa magari ya kunguruma, wanaoamini kwamba gari lisiloongezewa kitu ni sawa na chipsi bila chumvi. Na nyie dada zangu msikimbilie ukurasa wa nyota, kwa sababu wanaokaa siti ya pembeni na ya nyuma mara nyingi ni nyie, na kasheshe yenyewe ilitokea siti ya nyuma.

Wanaonifahamu wanajua kwamba nina Subaru Impreza ya turbo, ya mwaka 1998. Nililipata gari hilo kwa mkopo wa kazini, akiba ya miaka minne na masimango ya mjomba wangu aliyetaka ninunue kiwanja. Asubuhi nikiliwasha kuku wa jirani wanaacha kula. Nilishalibadilisha bomba la moshi, springi, rimu na usukani, na kwa kweli lilikuwa bomba ile mbaya. Lakini ndugu zangu, ugonjwa wa kuongezea gari vitu ni kama wa kamari. Haujui kutosheka.

Kijiwe chetu kiko Sinza, pembeni ya muuza chipsi. Pale jioni kazi yetu ni moja, kuangalia video za zamani za mashindano ya magari kwenye simu. Tunajua kwa kichwa kwamba Colin McRae alishinda Safari Rally kule Kenya mwaka 1997 akiwa na Impreza, na kwamba Richard Burns naye alishinda na Impreza mwaka 2000. Ila kavideo kalikotuharibu akili ni ka mwaka 2006, ka mashindano ya X Games kule Los Angeles. McRae anaruka kilima kuingia uwanjani, Impreza inatua vibaya, inabingirika, inasimama tena kwa matairi yake, na jamaa anakanyaga mafuta kama vile amepita kwenye tuta. Akamaliza wa pili!

Sisi tuliangalia kavideo kale labda mara mia. Tukaona chuma kilichozunguka ndani ya gari, basi. Kofia ngumu aliyovaa hatukuiona. Mikanda iliyomfunga kama mzigo wa mitumba hatukuiona. Wala hatukuona kwamba nyuma yake hapakuwa na siti, achilia mbali mtu.

Mshikaji mmoja akatema cheche: "Oya, gari lako limebakiza rolibaa tu."

Kwa wasiojua, rolibaa ni upinde wa bomba la chuma unaosimama nyuma ya siti za mbele, kutoka sakafuni upande huu, unapita karibu na paa, unashuka sakafuni upande wa pili. Una miguu mingine miwili ya kuuegemeza kwa nyuma, na mara nyingi bomba la kukatisha katikati. Kazi yake ni kuzuia paa lisikubonde gari likipinduka. Zikiongezwa bomba za mbele na za milangoni, inakuwa keji kamili, ile ya magari ya mashindano. Mimi sikuwa na mshiko wa keji. Nilikuwa na mshiko wa upinde mmoja na fundi mmoja.

Sasa huyo fundi wangu ni mchomeleaji wa mageti na vitanda vya chuma. Kwa mageti sina ugomvi naye, nusu ya mtaa wetu inalala salama kwa mkono wake. Jumamosi saa mbili asubuhi akaingia uani kwetu na mashine yake ya kuchomelea, grenda, boksi la vijiti, na bomba alilolinunua Gerezani. Bomba la inchi moja na nusu, unene wake milimita 1.2.

"Fundi, hili bomba gumu kweli?" nikamuuliza.

Akaligonga na nyundo, likalia ngaa! "Bosi, hili ndilo tunatengenezea vitanda vya bweni. Wanafunzi wanarukia miaka kumi halipindi."

Niliposikia bweni nikaridhika. Jamani, ujinga nao una raha yake.

Tukatoa siti, tukatoa zulia, tukafungua na mikanda ya nyuma isije ikaungua, tukaitupa kwenye buti. Fundi akajaza mchanga ndani ya bomba, akalichoma kwenye moto wa mkaa mpaka likaiva, akalikunja kwa kulizungusha kwenye shina la mwembe. Kwenye kona zote mbili likabonyea kwa ndani kama soksi iliyoshuka. Nikamwonyesha. Akasema, "Hayo ni maua, bosi." Tukacheka, tukaendelea.

Miguu akaichomelea moja kwa moja kwenye bati la sakafu. Kumbukeni kwamba tangi la mafuta la gari hili liko nyuma, chini ya usawa wa siti ya abiria, na sisi tulikuwa tunarusha cheche juu yake kwa saa tano, ulinzi wetu ni ndoo moja ya maji. Maji yenyewe hayazimi moto wa petroli, yanautembeza tu. Leo nikikumbuka nywele zinasimama. Siku ile nilichoogopa ni LUKU, maana mita ilikuwa inakula uniti kama mgonjwa aliyepona. Mama mwenye nyumba akatoka na kanga yake begani, akasimama mlangoni.

"Mwanangu, unatengeneza meli humu ndani?"

"Hapana mama, natengeneza usalama."

"Basi huo usalama ununulie umeme wako."

Nikanunua.

Bomba likatuishia, kwa hiyo miguu ya nyuma fundi akaitengeneza kwa bomba la maji, lile jeupe lililopakwa zinki. Alipoanza kulichomelea ukatoka moshi mweupe mzito, na sisi vichwa vyetu viko mle mle ndani ya gari. Saa mbili usiku mkewe akanipigia simu: fundi anatetemeka, homa imepanda, mdomo unamwambia chuma. Tukasema malaria. Kupima, hakuna malaria. Daktari akamuuliza anafanya kazi gani, akajibu, daktari akatikisa kichwa. Kumbe moshi wa zinki ukiuvuta unaleta homa ya namna hiyo saa chache baadaye, na kwa kawaida inaisha yenyewe ndani ya siku moja au mbili. Mimi nilikuwa nimeshamnywesha lita nzima ya maziwa, kama mafundi wote wanavyoaminiana. Maziwa hayana kosa, lakini hayatibu moshi. Dawa ni kulisaga lile koti la zinki kabla ya kuchomelea, na kufanyia kazi penye hewa.

Jumatatu fundi alikuwa mzima, Jumanne rolibaa ikapakwa rangi nyekundu. Upande wa kichwa changu tukafunga sponji la godoro na selotepu nyeusi. Bomba la kukatisha katikati tukaliacha wazi, maana rangi ilikuwa imetulia na mimi nilitaka ionekane kupitia kioo cha nyuma. Siti zikarudi. Mikanda ya nyuma ikabaki kwenye buti, kwa sababu mguu wa rolibaa ulikuwa umekalia tundu la bolti moja, tukasema tutaangalia siku nyingine.

Wiki ile niliuza sura, usipime. Kijiweni walizunguka gari kama wanazunguka jeneza la waziri. Trafiki mmoja alinisimamisha ili aulize tu lile lidude ni la nini. Nikamjibu kwa kifua mbele: "La kuokoa maisha, afande."

Jumapili tukawa na ubatizo wa mtoto wa binamu yangu, Mbezi. Mama alikaa mbele, mkanda amefunga. Mdogo wangu, ambaye alikuwa amebakiza wiki tatu tu afanye mtihani wa kidato cha nne, alikaa nyuma katikati, akiwa amejivuta mbele ili aongee na sisi, kama watoto wa nyuma wanavyofanya siku zote. Alikuwa anamhadithia mama habari za mwalimu wao wa fizikia, na mama anacheka.

Barabara ya Bagamoyo ilikuwa na magari mengi, spidi yangu haikuzidi arobaini. Bodaboda akakata mbele yangu bila kugeuza hata shingo. Nikakanyaga breki. Gari likasimama vizuri kabisa, bodaboda akaenda zake, hakuna aliyegusana na mwenzake. Hata kioo hakikupata mkwaruzo.

Ila nyuma nilisikia ko! Mlio mdogo tu, kama mtu ameweka sufuria sakafuni. Halafu mdogo wangu akanyamaza katikati ya sentensi.

Nilipogeuka damu ilikuwa imeshafika kwenye shati lake jeupe la ubatizo. Paji la uso lilikuwa limeenda moja kwa moja kwenye bomba la kukatisha, pale pale palipopendeza rangi.

Alishonwa nyuzi tisa juu ya jicho la kushoto. Daktari alitwambia ingeshuka sentimeta mbili tungekuwa tunaongea habari ya jicho. Mtihani aliufanya, lakini kila akiinama kuandika kichwa kilimgonga, na jambo hilo bado linanisuta mpaka leo.

Jioni ile mama hakunigombeza. Ingekuwa afadhali angenigombeza. Tuliporudi nyumbani alizunguka gari, akafungua mlango, akaliangalia lile bomba.

"Hiki chuma ni cha nini?"

"Ni cha kuokoa maisha, mama."

"Ya nani?"

Nilikosa la kusema. Akafunga mlango wa gari taratibu, akaingia ndani.

Wiki iliyofuata nikaelekezwa kwa mzee mmoja mwenye gereji Ilala, ambaye ujanani alikuwa anaandaa magari ya rali. Shikamoo mzee, marahaba mwanangu, gari lina nini? Nikamfungulia mlango. Akatoa ufunguo mfukoni, akagonga bomba mara mbili, akasikiliza kama daktari anayesikiliza kifua.

"Mwanangu, nani kakufungia kamba ya kuanikia nguo humu ndani?"

Nikajichekesha. Yeye hakucheka. Akavuta stuli, akanipa darasa ambalo ningepaswa kulipata kabla ya kununua umeme.

Akaniambia FIA, lile shirikisho la kimataifa linalosimamia mashindano ya magari, lina kanuni za rolibaa, na upinde mkuu haufanywi kwa bomba la kitanda. Ni bomba la chuma lisilo na mshono, kipenyo milimita 45 na unene 2.5, au kipenyo 50 na unene 2. Langu lilikuwa na unene wa 1.2, tena lina mshono. Linakunjwa likiwa baridi, kwa mashine, kwa kona pana isiyobonyea. Yale "maua" ya fundi wangu ndiyo sehemu ambayo bomba litakatikia, kwa sababu bomba likishabonyea limeshaanza kukunjika, linasubiri mtu wa kulimalizia.

Akainama, akanionyesha miguu. Bati la sakafu la gari halifiki hata unene wa milimita moja. Gari likipinduka, mguu uliochomelewa juu ya bati tupu unalitoboa kama kijiti kwenye mkate, upinde unashuka na paa linakufuata. Ndiyo maana kanuni inataka kila mguu wa upinde mkuu ukalie bamba la chuma lenye unene usiopungua milimita 3 na eneo lisilopungua sentimeta za mraba 120, ambayo ni kama kiganja cha mtu mzima, na ushikwe na bolti zisizopungua tatu za milimita 8, bolti ngumu, siyo za kabati.

"Sawa mzee," nikasema. "Nikitafuta bomba lenyewe, nikaweka mabamba, nikafunga bolti, itakuwa poa?"

Hapo ndipo aliponimaliza. Akaniambia nikae kwenye siti ya dereva na nifunge mkanda wangu wa kawaida. Akanisukuma bega kidogo tu, kama mtu anayekupisha kwenye daladala. Kisogo changu kikagusa chuma.

"Umeona? Mkanda wa kawaida unakuacha unayumba. Dereva wa rali amefungwa kwenye siti isiyotikisika na mikanda ya mabega yote mawili, kichwani ana kofia ngumu, na chuma kilicho karibu na kichwa kimevikwa sponji gumu la kazi hiyo, siyo la godoro. Vyote hivyo ni kitu kimoja. Ukichukua chuma peke yake ukaacha vingine, umejiwekea nyundo nyuma ya kichwa. Na siku unayofunga rolibaa, siti ya nyuma umeifuta. Hakai mtu pale, hata mtoto, hata kwa dakika tano."

Nikanyamaza. Akaniuliza swali jingine.

"Una magari mangapi?"

"Hilo hilo moja, mzee."

"Mama yupo?"

"Yupo."

"Wadogo zako?"

"Yupo mmoja."

"Sasa unaniuliza nini?"

Tuliikata siku ile ile. Kuitoa kulinigharimu kuliko kuiweka, maana sakafu ilibidi izibwe, isafishwe na kupakwa dawa ya kutu sehemu nne, na tundu la bolti ya mkanda lichongwe upya. Mikanda ya nyuma mzee aliikagua uzi kwa uzi kabla ya kuifunga, ule uliokuwa na alama ya cheche akaukataa, nikatafuta mwingine. Lile bomba jekundu nikarudi nalo nyumbani limefungwa juu ya paa. Washikaji waliponiona wakasema nimeogopa. Nikawaambia ndiyo, nimeogopa, kwani kuna ubaya gani?

Mama mwenye nyumba alipoliona upinde wake akalipenda. "Niachie hilo mwanangu, nianikie nguo." Maneno ya mzee wa Ilala yakanirudia, nikacheka peke yangu. Nikauchimbia ule upinde uani, miguu ikaingia ardhini, kamba ikafungwa kutoka hapo mpaka kwenye mwembe. Kwa mwezi mzima ulibeba mashuka na kanga vizuri tu.

Halafu siku moja watoto watatu wa jirani wakaugeuza bembea. Walining'inia wote kwa pamoja, wakaanza kurusha miguu, mara ya nne au ya tano upinde ukalala. Ulikunjika pale pale kwenye "maua". Watoto walianguka kwenye mchanga, wakainuka wakicheka. Mimi nilisimama dirishani sicheki. Wale watoto ukiwajumlisha hawafiki kilo themanini. Gari langu lina zaidi ya kilo 1,200.

Nimeandika haya kwa sababu naona mtindo huu unashika kasi, na kila kijiwe kina mtu anayesema "umebakiza rolibaa tu". Sikatai rolibaa. Ukiwa na gari la mashindano, ukavaa kofia, ukafungwa mikanda yake, ukaondoa siti ya nyuma, na ukamtafuta fundi anayejua kanuni, kile chuma ni rafiki yako kweli. Muulize McRae wa kwenye kavideo. Lakini kama gari lako ndilo hilo hilo la kwenda kazini Jumatatu, kumpeleka mama hospitali Jumatano na ubatizoni Jumapili, pesa ya rolibaa nunulia matairi mazuri, kaguza breki, halafu hakikisha mikanda yote mitano inafanya kazi. Haionekani kupitia kioo cha nyuma, najua. Hutauza nayo sura.

Na wewe unayepakiwa, ukiona upinde wa chuma nyuma ya dereva na unaambiwa ukae nyuma yake, mwambie dereva asante, halafu panda daladala. Hata kama ni mshikaji wako wa damu. Hata kama ni kaka yako.

Mdogo wangu jeraha limepona, kimebaki kikovu juu ya nyusi ambacho anadai kinawavutia wasichana. Siku hizi akipanda nyuma anavuta mkanda kwanza, anaufunga, kisha anaangalia pale juu palipokuwa na bomba, halafu ananiangalia mimi kwenye kioo. Hasemi kitu. Nami nawasha gari nikijifanya sijaona.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.